Upande wa Mwalimu

Kinyozi wetu wa Kiirua hupuliza mashine mara mbili kabla ya kuiwasha, kisha hukiinamisha kichwa chako kwa vidole viwili kama anayekagua parachichi sokoni. Akishakushika hivyo, anakuuliza habari za mashujaa wa vitabu vya katuni: anayeruka na asiyeonekana wakipigana, nani atashinda? Yeye yuko upande wa asiyeonekana. "Utampigaje mtu humwoni?" Mwalimu Kaimenyi, mteja wake wa kila Jumamosi, hukataa katakata, nao hubishana mpaka sisi wa kwenye benchi tunasahau zamu zetu.

Mwezi uliopita Kaimenyi aliingia akishikwa mkono na mkewe. Saratani ya koo ilikuwa imemnyang'anya sauti, na dawa zilikuwa zimemaliza nywele zake. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akaipitisha mashine taratibu juu ya kichwa kile kitupu. "Leo utaniambia anayeruka atamwaga vumbi kutoka juu, adui aonekane," alisema. "Mimi nitasema adui atajificha nyumbani. Wewe utasema basi, mabati yatang'olewa!" Hoja zote nzuri alimpa mwalimu, mpaka Kaimenyi akacheka bila sauti, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Kinyozi aliyafuta kwa ile brashi laini ya kupangusia nywele, bila kukatiza maneno.

Walipoondoka nilikaa kitini. Ili kumchangamsha kinyozi, nilimwambia kwamba mwalimu ameshinda.

Alizima mashine. "Ngoja kidogo, ndugu yangu," alisema. "Nifute macho kwanza. Nisije nikakukata."