Aliyetia Sahihi Darasa Tupu

Alizaliwa mwaka 1938 katika chumba cha nyuma cha shule kongwe kuliko zote wilayani, ambako baba yake, fundi seremala, alichonga madawati ya shule zote nne za serikali zilizokuwa chini ya ofisi moja ndogo ya elimu. Alijua kusoma kabla ya kuandikishwa, kwa kutega sikio ukutani. Majina yalipoitwa asubuhi, sauti yake nyembamba ilisikika ikijibu "nipo" kutoka upande wa pili, na darasa zima likaangua kicheko.

Akiwa na miaka kumi na tisa, akisali peke yake kati ya madawati hayo, aliamua kumtumikia Mungu hapo hapo shuleni. Akawa mwalimu. Kila asubuhi aliita majina polepole, akimtazama kila mtoto usoni kabla ya kutia alama daftarini, kisha akatia sahihi yake. Kwa hiyo watoto wakambandika jina la Mama Daftari.

Stesheni ya reli, iliyowapa wengi kazi, ilipofungwa, watu walianza kuhama. Shule tatu zilifungwa moja baada ya nyingine, ikabaki yake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa mwisho, binti wa fundi viatu, aliondoka na wazazi wake. Ofisi ilimstaafisha Mama Daftari, ikamwachia ufunguo na daftari la mahudhurio hadi shule ifutwe na kiwanja chake kiuzwe. Kanuni ya wilaya ilitaka daftari likae muhula mzima bila sahihi ndipo shule ifutwe. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwaza kwamba mtu angetia sahihi darasa tupu.

Yeye alitia. Alifagia, akafungua madirisha, akasema, "Hamjambo, watoto," akanyamaza kwa muda ambao watoto wangehitaji kuitikia. Kisha akaandika: "Waliopo: hakuna."

Karani wa elimu alimwonea huruma. "Mama, andika kumi na wawili tu. Watakurudisha kazini, na shule itapona."

"Kumi na wawili wepi, mwanangu? Niitie mmoja nimwone."

Karani akacheka, kisha akainamisha kichwa.

Mdogo wake wa kike, mshonaji, ndiye aliyemuuma zaidi kwa maneno. "Dada, leo umewafundisha nini viti?"

"Kukaa kimya. Wamekushinda wewe."

Walicheka wote wawili. Lakini mshonaji alipoondoka, Mama Daftari alikaa mlangoni akiitazama njia mpaka chai yake ikapoa. Alikiri mara moja tu, kwa padri, kwamba ukimya baada ya "hamjambo" ulimwelemea kuliko ugonjwa. Aliendelea hivyo miaka kumi na sita.

Alifariki siku ya Jumanne, mwaka 2007, akiwa mezani. Mdogo wake alimkuta ameegemeza shavu kwenye daftari, sahihi ya siku hiyo imeshakauka. Baada ya maziko mshonaji alirudi kuchukua ufagio na sufuria, akakuta ukurasa wa siku zilizofuata ni mweupe. Akavuta kiti, akatia sahihi yake na kuandika kwa mwandiko wake mbaya: "Waliopo: hakuna." Kesho yake akarudi. Ofisi ilipokuja mwisho wa muhula kufuta shule, haikuweza.

Waumini wanasimulia kwamba wengine hupita pale asubuhi wakasikia salamu ya marehemu. Mshonaji hajawahi kuisikia. Yeye hutaja ajabu moja tu: katika mwaka wa tatu baada ya maziko, mwanamke alisimama mlangoni na watoto wawili, akauliza kama bado kuna shule. Alikuwa yule binti wa fundi viatu.

Kanisa halijamtangaza Mama Daftari kuwa mtakatifu. Anayetaka kumwiga na akae alipowekwa, aseme kweli hata ikiwa ni "hakuna", na asiache kusalimu. Asubuhi ile mshonaji aliwatazama watoto usoni, mmoja mmoja, akaandika: "Waliopo: wawili."