Mzazi Mtulivu

Mwaka ule ndio tuliokula muhogo asubuhi na muhogo usiku, mahindi ya Jilore yamekauka mashambani. Binti yangu alikuja kwangu Mambrui kujifungua mtoto wake wa kwanza, ndiyo desturi: mzazi hukaa kwa mamake siku arobaini, kisha hurudi kwa mumewe.

Mimi sikusoma, lakini kukanda wazazi nakujua. Nusu ya wanawake wa mtaa huu wamepita mikononi mwangu. Binti yangu nilimkanda kwa maji ya moto alfajiri na magharibi, nikamfunga tumbo, nikamnywesha uji wa pilipili manga. Hasemi. Haulizi. Nikimpa mtoto, ananyonyesha huku anatazama ukuta. Nami najisifu kwa majirani, "Wangu mtulivu, si kama hao wenu wa kuchungulia barazani!" Mzazi si hulala akanyamaza? Niliona ni adabu.

Siku ya thelathini na tano mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, mamake yu kando yake, macho wazi. Nikamfokea, "We! Umekuwa gogo?"

Akasema, "Mama, mchukue. Mimi naona heri nisiwepo."

Nikambeba mtoto, nikamshika mamake mkono. Tukaenda hospitali, arobaini haijatimia, watu wanatukodolea macho. Muuguzi akamwuliza maswali ambayo mimi sikumwuliza hata moja: Unalala? Unalia? Wajionaje? Kisha akaniambia ni maradhi, huwapata wazazi wengi, yanatibika, ila asiachwe peke yake. Si uvivu, wala si jini.

Siku ya arobaini mama mkwe wake akaja na kanga mpya na udi. "Haya mwenzangu, tupe mke wetu. Kwetu atachangamka, kazi zipo."

"Harudi mpaka aseme mwenyewe."

"Utatuaibisha! Watu watasema ameachwa."

"Na waseme. Midomo ni yao."

Akaondoka na udi wake. Jioni akapiga simu mume mwenyewe, kijana mpole, shikamoo mbili mfululizo. "Mama, nyumba imepooza. Nije nimchukue?"

Nilikuwa nimechoka, mgongo wauma, mtoto begani, na binti yangu amelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza. Nikamjibu kama nilivyomjibu mamake:

"Harudi mpaka aseme mwenyewe."