Sanda ya Ayeyo Kwenye Baraza la Warumi

Harufu ya karafuu maiti hunikausha mate hadi leo. Nikiinusa tu dukani, ninarudi Castle Vale, mtaa wetu wa ughaibuni, mtoto wa miaka tisa, nimesimama mbele ya sanduku la Ayeyo, bibi yetu mzaa mama.

Shuleni tulikuwa tunasoma Warumi wa kale. Mwalimu alituambia tuje na shuka nyeupe tujitande, tuketi kama baraza lao na kuamua kama Roma iende vitani. Kwetu shuka zote zilikuwa za maua, na Mama alishatoka kwenda kazini. Ayeyo akafungua sanduku lake, akatoa bafta aliyoisuuza kwa maji ya Zamzam alipokwenda kuhiji, akaja nayo kutoka Garissa.

"But Ayeyo, hiyo si ni sanda yako!"

"Kwani hukutaka nyeupe? Hii ni nyeupe. Simama wima nikufunge."

Basi nikaenda shule nimevaa sanda. Chekeni tu, mimi sikucheka. Malaika wa mauti akipita, nilijiambia, si atadhani ni zamu yangu? Na nikiichafua, Ayeyo atazikwa na nini? Wenzangu walikimbizana na mapanga ya maboksi. Mimi nilitembea kama niliyebeba mayai.

Divai ya Warumi wetu ilikuwa juisi ya zabibu. Mwalimu akauliza nani anataka vita, mikono yote ikapaa. Kwa kuogopa kubaki peke yangu, nikanyanyua wangu. Bafta ikaburura kikombe cha jirani, juisi ikanirukia begani. Roma ikaenda vitani, mimi nikalia mpaka wakati wa kurudi nyumbani.

Ayeyo aliisugua kwa sabuni ya kipande. Doa likafifia, halikutoka. Nilikuwa nangoja kugombezwa, roho mkononi. Akaiinua dirishani, akaitazama weee, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Sasa imeshavaliwa," akasema. "Hainitishi tena."

Sikumwelewa. Nilidhani woga wa kufa ni wetu sisi watoto.

Alipofariki nilikuwa mkubwa wa kutosha kuingia na wanawake waliomwosha. Mmoja wao aliona doa akataka tutafute bafta nyingine. Mama akanitazama. Nikasema hapana, ni hii hii.

Nikiwa nimeishika ndipo nilipomwona upya: mwanamke aliyelala miaka yote na sanduku lile chini ya kitanda, katika mji wa baridi asioujua, akiiogopa nguo yake mwenyewe. Asubuhi ile ya shule alitaka aione ikitoka mlangoni na mtu aliye hai, na irudi naye.

Tulipomfunika, nilihakikisha lile doa la zabibu limekaa begani, pale pale lilipokuwa kwangu.