Ubao wa Tatu

Mtengeneza michezo ya kompyuta amepigwa chenga na kikaragosi alichokichora mwenyewe. Kikirukia ubao wa tatu wa mchezo kinaupenya kama vile ubao ni moshi, kinatumbukia shimoni, na kila kikitumbukia yeye hugonga sakafu kwa kisigino, mara mbili, kuhakikisha ipo. Amepima ubao, amepima nyayo za kikaragosi, vyote sawa. Na mteja aliyeuagiza mchezo anakuja kuuona saa tisa. Dada wa mtengenezaji, aliyekaa kando yake, alipojaribu, kikaragosi kikatua juu ya ubao, kikasimama.

"Umefanyaje?"

"Nimekirusha taratibu, kaka. Wewe unakirusha kama unafukuzwa."

Kaka akakirusha kwa kasi, kikapenya. Akakirusha taratibu, kikasimama. "Lakini ubao ni uleule," alisema. Waliposhuka kwenda kunywa chai, dada alimwona akigusa kila ngazi kwa ncha ya kiatu kabla ya kuikanyaga.