Bwana wa Ngome na Kibuyu cha Papa

Asubuhi ile Papa, baba yangu, aligombana na mbuzi. Mbuzi alikuwa ameingia sebuleni na kula kona ya kitabu chake cha picha, kile alichoachiwa na mchungaji mmoja wa Denmark aliyewahi kufundisha katika shule yetu ya misheni. Papa alimfukuza kwa kandambili mpaka kwenye migomba, akimtukana kwa Kifaransa. Alitukana kwa Kifaransa tu. Lugha yetu ya nyumbani, alisema, ni ya mashauri. Mama alicheka hadi akakaa chini. Sikumbuki tena kumsikia akicheka namna ile.

Siku hizi naishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei. Nanunua mikoba katika soko la Shiling na kuituma Bukavu, na watu wa hapa wananijua kwa mikoba. Wachache wanajua kwamba baba yangu alikuwa notable, mtu wa ukoo unaomshauri mwami, chifu wetu, tangu enzi za mababu. Mimi sijitangazi. Kwetu jina lake bado linatajwa kwa kunong'ona.

Ndani ya kitabu kile mlikuwa na picha ya bwana mmoja wa Denmark wa karne za kale, mwenye kola nyeupe pana kama sinia. Papa alimpenda kama mjomba aliye mbali. Alitusimulia maisha yake tukimenya mihogo. Yule bwana alizaliwa katika nyumba ya wakubwa, akapelekwa nchi za nje kusoma, akarudi kuwa mshauri wa mfalme, akapewa kulinda ngome na mji uliokuwa chini yake. Vita na nchi jirani vilipofika, jeshi la mfalme lilikuwa limeshakimbia. Akafungua lango mwenyewe, akala meza moja na jemadari wa adui, na mji haukuchomwa. Vita vilipokwisha mfalme alimfunga. Alinyang'anywa ardhi na cheo, akafia kifungoni, na katika watu wote wa mji aliouokoa hakuna aliyekwenda kumtetea.

Papa akimaliza alituuliza mmoja mmoja, "Ungekuwa weye, ungefungua?"

Nilijibu sifungui ng'o. Alicheka, akasema nina roho ya askari.

Sasa naelewa kwamba alijiona katika picha ile. Naye alizaliwa katika nyumba ya notable, akasomeshwa Bukavu, akarudi kuketi karibu na mwami. Alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba na wa mahari. Alikuwa na majivuno yake, siwezi kumsafisha. Barabarani hakubeba kitu. Hata mwavuli wake ulibebwa na mtu nyuma yake.

Mchana wa siku ya yule mbuzi, wanajeshi wa serikali waliondoka kilimani kwetu. Walipita mbele ya nyumba bila kutazama pembeni. Mwami alikuwa ameshakwenda mjini kwa gari. Papa aliwauliza wanakwenda wapi, na mmoja wao akamjibu, "Mzee, weye pia enda."

Hakwenda. Notable haachi kilima kikiwa bado na watu.

Kesho yake waasi walichoma kilima cha ng'ambo ya bonde. Tuliona moshi. Tulisikia watu wakilia, kisha hatukusikia kitu.

Papa alivaa koti lake la mashauri. Akachukua kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akakibeba mwenyewe.

Mama alimshika mkono wa koti. "Papa Neema, usiende."

"Nani mwingine ataenda?"

Akashuka barabarani. Watu wa kilima walikuwa wamejificha migombani, wakimtazama. Nilikuwa miongoni mwao.

Komanda wa waasi alikuwa kijana. Alimwelekezea bunduki.

Papa akapiga magoti. Sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa.

Akaweka mrija, akanywa, akamsogezea kibuyu.

Kwetu mwenye pombe hunywa wa kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Mgeni akinywa baada yake, ni mwiko kuidhuru nyumba ile, na notable akibeba kibuyu, nyumba yake ni kilima kizima. Kila mtu aliyekuwa migombani alilijua hilo. Komanda naye alilijua, kwa sababu mama yake alikuwa wa sehemu zetu. Akanywa.

Walichukua mahindi, redio na mbuzi wote, hata yule mla kitabu. Hawakuchoma nyumba. Hawakugusa msichana hata mmoja. Walikaa mpaka mvua zilipoanza, kisha wakaondoka, na serikali ikarudi.

Wanajeshi walitukusanya kwenye uwanja wa shule. Mkubwa wao alitoka mbali, alisema Kilingala, na mtu alimtafsiria. Aliuliza ni nani aliyewakaribisha waasi.



Akaweka bastola mezani, akauliza tena.

Faustin, mtoto wa jirani yetu, mwanamume aliyekwisha kuoa, akainua mkono. "Ni notable. Ni ye alibeba pombe. Alikunywa na bo."

Hakuwa amesema uongo. Kilichobaki ni mtu mmoja kueleza ile ilikuwa pombe ya nini, na hapo midomo yote ilifungwa. Nilimtazama mwalimu. Nilimtazama jirani mwenye mabinti wengi. Wote waliangalia miguu yao. Mama alieleza kwa kupiga kelele, na mtafsiri hakutafsiri hata neno.

Papa aliwatazama watu wake taratibu, safu kwa safu, kama anayehakikisha kwamba wote wapo.

Wakampeleka nyuma ya madarasa.

Mlio mmoja.

Tulimzika wenyewe. Notable huzikwa kwa ngoma ya mwami, lakini mwami aliporudi kutoka mjini alisema msaliti hapigiwi ngoma, na kiti cha Papa akapewa kaka wa Faustin. Tangu hapo Mama aliomba jambo moja tu: mtu mmoja wa kilima asimame mbele ya mwami aseme kwa nini nyumba yake haikuchomwa. Aliomba kisimani, sokoni, mlangoni pa kanisa. Watu walimpa mihogo na kumpa pole. Walikuwa wema kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alikufa akingoja, na mimi nikahama.

Hapa Guangzhou, laoban wangu wa Shiling, bosi wa duka la mikoba, akinimiminia chai, mimi humngoja anywe kwanza. Anacheka, anadhani ni adabu.

Mwaka huu Faustin alitokea Xiaobei. Nilikuwa kwenye mgahawa wa Mzanzibari mmoja, nala pilau, akaingia na mfuko wa midoli ya soko la Yide Lu. Amezeeka. Alinitambua, akakaa mezani kwangu bila kukaribishwa, akaagiza chai kikombe kimoja. Akanywa kidogo, akanisogezea.

"Neema," alisema. "Nyumba yetu haikuwaka. Batoto yangu bako bazima sababu ya papa yako. Ile siku niliogopa, vraiment, kweli."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mama aliyataka, hayo hayo, hakutaka zaidi. Na waliokuwepo kuyasikia ni Watanzania wawili waliobishana habari za kontena.

"Yaya, rudi useme hivyo mbele ya mwami," nilimwambia, nikimwita kaka kwa lugha ya kwetu. "Papa apigiwe ngoma."

Alitazama mlangoni. "Kule, hapana. Kaka yangu ndiye notable sasa. Nikisema, batamutoa ku kiti. Nimekuambia weye, inatosha."

"Dada, chai yako inapoa," alisema mwenye mgahawa akipita.

Nilikitazama kikombe kile. Papa alipiga magoti barabarani, mchana, kilima kizima kikiona. Huyu amekuja kuninywesha Xiaobei, mahali asipojulikana na mtu. Nilimkasirikia kuliko siku ile ya uwanjani, kwa sababu siku ile kulikuwa na bastola mezani.

Swali la Papa silijibu tena kama zamani. Ningefungua. Naamini na yule bwana wa Denmark, hata kifungoni, angefungua tena. Ila nisingewatazama watu safu kwa safu nikitafuta atakayesimama.

Nikamrudishia Faustin kikombe chake bila kukinywa. Akakinywa chote mwenyewe, akabeba mfuko wake wa midoli, akatoka. Ngoma haijapigwa.