Barabara Iliyochongwa kwa Ufagio

Pikipiki ya kwanza ilikatiza shambani kwangu asubuhi, korosho zikiwa bado chini hazijaokotwa. Nilisikia mngurumo nikadhani iko barabarani, kumbe inakuja kwangu. Nikatoka na ndoo mkononi. Kijana wa bodaboda kampakia mtu mwenye begi, wanateremka katikati ya mikorosho yangu kama waalikwa wa harusi, matairi yanaponda mabibo na korosho zake.

"We! Unakwenda wapi?"

"Shikamoo mzee. Tunavuka kwenda kijiji cha pili."

"Marahaba. Hapa ni shambani kwa mtu."

Akanyoosha simu. "Barabara hii hapa, mzee. Ramani inaonesha."

"Ramani ilikuwepo nilipong'oa visiki hapa?"

Akacheka, akapita.

Shamba lenyewe liko upande wa Likunja. Shule niliiacha nikiwa bado naandika herufi mchangani kwa kidole, kwa hiyo hakuna ofisi iliyonilea. Pori lile nililifyeka mwenyewe, nyani wakinizomea, na kila mkorosho uliopo naujua tangu ukiwa mche. Nasema ili ieleweke ni kitu gani kilikuwa kinapitiwa na tairi.

Korosho haichumwi, inadondoka yenyewe. Ikidondokea kwenye nyasi umempa panya. Kwa hiyo kabla ya msimu tunapalilia chini ya miti mpaka ardhi ibaki tupu, na anayejiheshimu anafagia. Mimi hufagia zaidi ya wote. Nafagia chini ya miti, halafu nafagia pito la katikati, limenyooka toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Nikisimama huku naona kule. Wapita njia walikuwa wanasimama kulitazama, nami nilikuwa napenda wasimame.

Sasa walikuwa hawasimami. Wanapita.

Baada ya ile ya kwanza zikaja nyingine. Mchuuzi wa samaki wakavu, fundi wa paa na mabati yake, watumishi wageni wanaotoka mjini Ruangwa wasiojua kwingine. Nikaweka matawi ya miiba. Wakayasukuma pembeni kwa mguu, kwa adabu kabisa. Siku moja akapita mama na baiskeli, akaniamkia vizuri, akasema, "Asante kwa njia, babu. Mmetufupishia." Matusi ningeyavumilia. Hiyo asante ndiyo iliyonitisha.

Kwa sababu huku kwetu njia inafunguliwa na miguu. Watu wakishapita mahali msimu mmoja, wakapita na wa pili, ukija kufunga unaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, unaambiwa una roho mbaya, na unashindwa. Kuna mtu namfahamu kule Mandawa alikuwa mpole kwa wapita njia. Leo shamba lake la ufuta limekuwa mawili, na katikati linapita lori. Niliona wazi kwamba nikichelewa, mimi ndiye wa pili.

Nikakosa utulivu. Kila mngurumo nasimama. Upepo ukipiga mabati nasimama. Mama watoto akaniambia, "Hata chai sasa unainywa ukiwa wima. Kaa, itashuka vizuri."

"Nikikaa watapita."

"Ukisimama hawapiti?"

Jirani yangu naye, ambaye ni mtani wangu na ana ulimi, akaegemea mti wake kwenye magugu yake akanipigia kelele, "Mzee! Serikali imetafuta mkandarasi miaka yote, kumbe tunaye hapa na ufagio wake!"

Yule wa bodaboda wa kwanza ndiye aliyenieleza kwamba ramani ile haichorwi na serikali. Wanaichora watu wa kujitolea, na Nachingwea kuna kikundi chao, kinaongozwa na mwalimu mgeni aliyeletwa kutoka kanda ya ziwa. Nikamwambia anipeleke. Akataka kukatiza shambani. Tulizunguka.

Niliwakuta karibu na soko, kwenye banda la chai, vijana na kompyuta zao za kupakata. Sikungoja kukaribishwa.

"Nani kapitisha barabara shambani kwangu?"

Wakatazamana. Mwalimu, binti mwenye miwani, akavuta kiti. "Shikamoo babu. Kaa kwanza."

"Marahaba. Sikuja kukaa."

"Basi nami nasimama," akasema, akasimama kweli. Nikampenda hapo, ila sikumwonesha.

Akanieleza. Kuna picha zinazopigwa kutoka juu angani. Watu wa dunia nzima wanazitazama na kuchora nyumba na barabara. Halafu wao wa hapa wanazunguka kwa miguu kuongeza visivyoonekana juu: zahanati, visima, misikiti, shule.

"Mnalipwa na nani?"

"Hakuna anayelipwa, babu."

"Sasa mtu asiyelipwa nitamshitakia kwa nani?"

Vijana wakacheka. Yeye akageuza kompyuta upande wangu, na nikaliona shamba langu kutoka juu. Nakiri hasira ilisahau ilichofuata. Miti yangu imekaa kwenye mistari, kila mmoja na duara lake jeupe lililofagiliwa. Kwa jirani ni kichaka. Na katikati ya shamba langu, mstari mweupe, umenyooka, unang'aa.

"Aliyechora yuko mbali," mwalimu akasema. "Hajawahi kuona mkorosho. Kaona mstari huu, kasema barabara. Kosa lako ni moja, babu. Umefagia vizuri mno."

"Na barabara yenyewe iko wapi?"

Akasogeza picha. Palikuwa na majani tu. Barabara yetu inapita chini ya mikorosho ya zamani, matawi yameshikana juu, na ukiwa angani huwezi kujua chini watu wanapita.

"Basi futa yangu."

"Nafuta. Lakini nisipoweka ile ya kweli, kesho mwingine huko mbali ataichora tena hii. Nitakuja tuitembee."

Nikalala vibaya mpaka alipokuja. Alikuja na simu inayoandika njia mtu anapotembea. Nikatangulia mbio.

"Taratibu babu. Chini ya majani simu inapotea ukikimbia."

"Mimi sipotei."

"Anayeandika siyo wewe."

Nikapunguza mwendo. Kila tukienda kidogo anasimama. Kisimani kina mama wakamzunguka wakitaka kisima chao nacho kiwekwe, akakiweka, akauliza kama maji yana chumvi, akaandika hilo nalo. Mimi nageuka nyuma, nasikiliza shambani. Jirani akatufuata akiuliza kama kichaka chake kinaweza kuandikwa mbuga ya wanyama. Mwisho tukatokea ng'ambo. Hapo hapo akaweka barabara ya kweli, akafuta mstari wangu nikiona kwa macho, akaandika pale kwamba ni shamba la mikorosho.

"Imekwisha?" nikauliza.

"Kwenye ramani imekwisha. Kwenye simu za watu, wengine wamehifadhi ile ya zamani. Itachukua muda."

Kesho yake asubuhi, mngurumo. Wakapita wawili.

Jirani akanipa ushauri, safari hii bila utani. "Acha nyasi ziote pale katikati, mzee. Msimu mmoja tu."

"Nife kwanza."

Nilisema hivyo, nikazunguka shamba mchana kutwa nikitafuta neno jingine. Kulizungushia uzio sitaki, uzio ni wa mwenye woga. Miiba inasukumwa kwa mguu. Lakini huku kwetu mche wa mkorosho hausukumwi na mtu. Ukishapandwa una mwenyewe, na anayeukanyaga kamkanyaga mtu. Mvua za kwanza ziliponyesha nikachukua miche niliyokuwa nimeitunza kibarazani kwa shamba jipya, nikachimba mashimo palepale kwenye pito langu, toka mwanzo hadi mwisho. Mama watoto alinishikia mche mmoja mmoja.

"Hutaona tena mwisho ukisimama hapa," akasema.

"Najua."

"Uliupenda huo mwanya."

"Nipe mche."

Siku zilizofuata nilikuwa kibarazani, chai mkononi, nimesimama. Nikaisikia. Yule yule wa kwanza, kampakia abiria mwingine. Akafika kwenye mche wa mwanzo, akazima. Akautazama mche, akatazama simu, akanitazama mimi.

"Mzee, umefunga barabara?"

"Nimepanda mkorosho. Rudi njia panda ulikotakiwa kushika kushoto, pita chini ya ile mikubwa."

"Simu yangu haina hiyo."

"Macho unayo."

Akashuka, akaigeuza pikipiki kwa mikono asiguse mche, akaondoka. Nikavuta kigoda nikakaa. Chai ilikuwa imepoa. Sijaimaliza nikasikia mngurumo mwingine kwa mbali, nikainuka tena, kikombe mkononi, nikisikiliza itakapofika njia panda.

Ikashika kushoto.