Maziwa Yenye Harufu ya Moshi

Mke wangu alinipa habari ile tukiwa shambani, tunapalilia maharage. Alisimamisha jembe, akajifuta jasho kwa upindo wa kitenge, akaniita, "Baba."

Nikageuka. Hakuwahi kuniita hivyo, maana hatukuwa na mtoto.

"Baba wa nani?" nikamuuliza.

"Wa huyu," akasema, na mkono wake ukashuka tumboni. "Mwezi wa pili sasa sijaona siku zangu. Nilitaka kwanza niwe na hakika."

Nilimnyang'anya jembe, nikamwambia aende akae kivulini. Akalirudisha mkononi mwake, akacheka, akaendelea kupalilia mbele yangu. Mimi nilibaki nimesimama palepale, nikimtazama mgongo. Nilitaka kupiga kelele shamba zima lisikie. Lakini alikuwa ameshanionya: habari ya mimba changa haitangazwi.

Tulikutana Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wageni, kila mmoja akingoja kugawiwa kiwanja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Wote tunatoka Kivu Kusini, Kongo, ila mimi ni mtoto wa bondeni, wa mihogo na mpunga, na yeye ni binti wa milimani, wa watu wa ng'ombe. Kule kwetu, watu wake na watu wangu hawakuoana kirahisi, na vita vilipokuja hata kusalimiana kukawa taabu. Mama yake, mjane aliyepoteza zizi zima njiani, alikubali ndoa yetu kwa sababu mchungaji wetu alimwomba sana. Alinisalimu kwa heshima kila asubuhi, wala hakuniambia neno la kuniumiza. Lakini chakula changu alikila kama mgeni, kidogo tu, halafu anashukuru na kuondoka.

Kichefuchefu kilianza siku chache baada ya ile habari. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo mke wangu aliipenda kuliko chakula chote, ilimtoa nje mbio harufu yake tu ilipompata. Samaki wa ziwani wasikaribie mlango. Ugali alikula matonge mawili, yakarudi. Jumapili kanisani aliondoka katikati ya wimbo, yeye ndiye mwenye sauti ya kwanza katika kwaya, akaenda kuinama nyuma ya ukuta. Wanawake wakatazamana wakitabasamu. Siri yetu ikaishia pale.

Mimi ndiye niliyepika. Nilijaribu wali, nikajaribu viazi, nikajaribu uji wa mtama wenye ndimu. Siku moja aliusogeza mbali uji wangu, machozi yanamlengalenga, akasema, "Minataka maziwa. Maziwa ya kwetu, ya kunuka moshi."

Maziwa yalikuwepo sokoni, kwenye madumu ya plastiki. Nikamletea. Akanusa, akatikisa kichwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini siku hiyo. Akaniambia polepole, bila ubaya, "Mukwe wangu, weye uko mutu wa jembe. Hayo maziwa utaijulia wapi?"

Neno lile lilinikaa rohoni. Kesho yake nilipanda baiskeli nikaelekea upande wa Rugaaga, kwa wenyeji wafugaji, nikiuliza kila mwenye ng'ombe. Wa kwanza alikuwa ameshauza maziwa yote. Wa pili hakunielewa. Wa tatu alikuwa mama mzee, Mnyankole, mwenyeji wa huku, aliyekuwa amejitanda shuka mabegani na kukaa mbele ya nyumba yake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mnadani, nacho kilinitosha.

"Maziwa iko," akasema. "Wewe nabeba na nini?"

Nikamwonyesha dumu langu, nililolisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Akalinusa, akalirudisha kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

"Hapana! Hii ilibeba mafuta ya taa. Maziwa yangu hapana ingia humu. Nani nakunywa?"

"Mke wangu, mama. Ana mimba, kila kitu anatapika. Ni mtoto wa watu wa ng'ombe. Anataka maziwa yenye moshi."

Akanitazama kutoka kandambili hadi kofia. "Na wewe? Wewe ni mutu ya ng'ombe?"

"Mimi nalima tu."

Mama yule akacheka, akapiga makofi. Kisha akanyoosha kidole kwenye migomba yake nyuma ya nyumba, iliyosongwa na magugu. "Basi wewe lima. Mimi nakupa maziwa, nakufundisha moshi."

Tukakubaliana hivyo. Nikavua shati nikalima migomba ile mpaka jua lilipokaa utosini. Nilipomaliza alinipeleka jikoni, akanionyesha chungu kidogo chenye tundu juu. Ndani yake alitia kaa la moto, akalifunika kwa nyasi kavu, moshi mweupe ukapanda taratibu. Juu ya tundu akakiinamisha chombo cha mti, kilichochongwa vizuri na kuwa cheusi kwa miaka mingi ya kazi hiyo. Alinikabidhi nikishike mwenyewe.

"Hapana haraka," akasema. "Wewe nachoma, hapana. Wewe napa yeye harufu tu."

Chombo kile alinikopesha, pamoja na kifuniko chake cha kusuka. Sikuthubutu kukifunga nyuma ya baiskeli kwenye zile barabara za mawe. Nilikuwa na kitenge cha mke wangu, nikakibeba chombo mgongoni kwa kitenge, kama mama anavyombeba mtoto, nikaendesha polepole hadi nyumbani. Njia nzima watu walinicheka. Karibu na soko letu mwanamume mmoja alipaza sauti, "Eh! Tazameni, mwenzetu ameshazaa!" Nikamjibu, "Bado, lakini najifunza!" Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao. Sikuona aibu hata kidogo.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa ametuambia maziwa yote yachemshwe, kwa hiyo niliyachemsha, nikayapooza, nikayarudisha ndani ya chombo ili yachukue harufu. Mke wangu alifunua kifuniko. Akafumba macho. Akanywa bakuli zima, akaliweka chini, sote tukingoja. Yakakaa. Akaomba jingine.

Mama mkwe alikichukua kile chombo kitupu, akatia pua ndani. "Nani alikifukiza?"

"Ni mimi, mama."

Akanusa tena. "Nyasi uliweka mingi," akasema. Lakini jioni ile alikula kwetu, akashiba, akaomba aongezewe.

Tangu siku hiyo nilikwenda Rugaaga mara kwa mara, nikilima na kurudi na maziwa. Mke wangu akarudi kwenye sauti ya kwanza. Mashavu yake yakajaa.

Kliniki tulikwenda pamoja. Hapa Uganda mama akija na mume wake hutangulizwa, kwa hiyo tulipita mbele ya benchi refu la akina mama, mimi nimevaa shati langu la Jumapili. "Batu banatuangalia," mke wangu alininong'oneza. Nikamwambia, "Waache watazame." Nilitembea kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi.

Siku moja muuguzi alipima tumbo, akapima tena, akatafuta moyo wa mtoto kwa kile kifaa chake, hakuusikia. Alisema huenda hesabu ya miezi tulikosea, lakini ni vizuri twende hospitali ya Mbarara mjini, tumbo likapigwe picha. Alilisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitisha.

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika Masha, kulikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara, dereva akasimama. Mke wangu alianza kuwaita kwa rangi zao, kwa lugha ya kwao, mmoja mmoja, kama anayesalimia ndugu. Sikuelewa yote, ila nilijua alikuwa anaomba. Nikamshika mkono, na mimi nikaomba kwa lugha yangu.

Mbarara, daktari alikuwa kijana wa kike. Alimpaka mke wangu dawa baridi tumboni, akapitisha mashine, akairudisha tena. Mimi nilisimama kichwani kwa mke wangu. Kwenye kioo niliona mawingu tu. Kisha daktari akatafuta Kiswahili chake, akakipata.

"Iko hapa. Ona. Hii moyo."

Katikati ya mawingu yale kulikuwa na kitu kidogo kinachopigapiga, mbio, mbio, bila kuchoka. Akafungua sauti. Chumba kikajaa mapigo, kama farasi anayekimbia kwenye udongo mkavu.

"Mimba ni mudogo kuliko mulisema," akasema daktari. "Mutoto iko muzuri."

Mke wangu alilia huku akicheka. Mimi, ambaye sikulia nilipovuka mpaka, nililia mbele ya daktari, nikajifuta kwa mkono wa shati.

Tukaingia sokoni. Mama mkwe alikuwa ametukataza kununua chochote cha mtoto kabla hajazaliwa, na mimi nilimkumbusha mke wangu. Alikuwa ameshika shali ya njano, laini, akaikunjua juu ya mkono wake. "Nimesikia moyo wake," akasema. "Mutu mwenye moyo, si anasikia baridi?" Tukainunua. Tukanunua na beseni.

Mama mkwe aliliona beseni kabla hatujashuka nalo. Alitusema mpaka majirani wakatoka nje. Tulipomweleza habari ya yale mapigo, aliuliza yalisikika vipi. Mke wangu akayaiga kwa kugonga meza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akalichukua beseni, akaenda kuliosha.

Nilianza kufyatua matofali wiki hiyo hiyo. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, na mwanangu sikutaka alale jikoni. Wanaume wa kanisa walinisaidia kupandisha ukuta, na jirani yetu Mrundi, Mkatoliki mwenye mkono mzuri wa mbao, alitengeneza dirisha. Kuta alizikandika mama mkwe mwenyewe, kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, akizilainisha kwa kiganja kama bibi harusi anavyopakwa mafuta kwao. Mke wangu, tumbo likiwa limeshatangulia mbele, alipanga vitu vya kujifungulia ndani ya begi: karatasi ya nailoni, glavu, pamba, wembe mpya, sabuni. Alivitoa, akavipanga tena. Nilimkuta akifanya hivyo mara nyingi.

Mtoto alizaliwa asubuhi, katika kituo chetu cha afya, mvua ikinyesha. Nilisikia kilio chake nikiwa nje chini ya bati, na nikajua bila kuambiwa kwamba ni wangu. Mama mkwe ndiye aliyetoka naye, ndani ya shali ya njano. Hakumpa mwanamke yeyote kati ya waliokuwa wamenyoosha mikono. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ni musichana," akasema. "Pokea mutoto wako."

Nilimpokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, uso umekunjamana, ngumi moja nje.

"Kwetu, mutoto wa kwanza jina lake tunatoa sisi," mama mkwe akaendelea. "Nimewaza sana. Mama yako alikufa kule bondeni, hakuna mutu wa kumukumbuka huku. Mupe jina la mama yako."

Nilimtazama yule mama wa milimani. Akanigusa begani, akangoja. Basi nikamwinamia binti yangu, nikamwita kwa jina la mama yangu, kwa sauti, mbele ya watu wote waliokuwa wamejikinga mvua. Mama mkwe akalirudia vizuri, kwa matamshi ya kwetu, bila kukosea hata herufi, kisha akapiga vigelegele mpaka wauguzi wakatoka kutazama.